Anton Chekhov, Tabibu Aliyetunga Hadithi



Jioni hii nataka kusimulia habari za Mrusi mmoja, Anton Pavlovich Chekhov, ambaye kwa kazi yake alikuwa tabibu, na kwa kipawa chake alikuwa mtunzi wa hadithi fupi na wa michezo ya kuigizwa. Najua wako miongoni mwenu watakaouliza: Urusi na sisi wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, nami sitalijibu kwa maneno ya jumla. Nitaeleza kwanza jambo lililotukia kwetu Mwamkulu, katika Mpanda, ndipo nifuate maisha ya bwana huyu tangu kuzaliwa kwake hata kufa.

Tulikuwa matangani. Ndugu yetu mmoja alikuwa amefariki wakati wa mavuno ya mpunga, na usiku wa pili wanaume walikuwa wameketi nje kuuzunguka moto kama ilivyo desturi, kila mtu akitoa kisa chake ili usiku upungue urefu. Zamu iliponifikia sikuwa na kisa cha sungura wala cha fisi ambacho wazee wale hawakukijua tangu kabla sijazaliwa. Basi nikasimulia hadithi ambayo Chekhov aliiandika mwaka 1886, ya mzee mmoja aitwaye Iona, mwendesha gari la farasi katika mji wa St Petersburg.

Mzee huyo amefiwa na mwanawe wiki ile ile. Theluji inaanguka, naye yu juu ya kiti cha gari lake akingoja abiria. Anapanda askari mwenye cheo, na mzee anageuka kumwambia kuwa mwanawe amekufa. Askari anauliza amekufa kwa ugonjwa gani, kisha anafumba macho asitake kusikia zaidi. Wanapanda vijana watatu walevi. Mzee anajaribu tena, nao wanamtukana na kumpiga ngumi shingoni ili akaze mwendo. Anamwambia bawabu, bawabu anamfukuza. Usiku, mahali wanapolala waendesha magari, kijana mmoja anaamka kunywa maji. Mzee anaanza kumweleza, na kijana amekwisha jifunika shuka kichwani, amelala. Ndipo mzee anakwenda zizini kumtazama farasi wake, na huku farasi akitafuna majani makavu, anamweleza farasi habari yote ya mwanawe, tangu mwanzo hata mwisho.

Nilipomaliza pakawa kimya. Kisha mzee mmoja, ambaye mimi humwita babu ingawa si babu wa kunizaa, akaniuliza: "Mwanangu, huko kwao hakuna matanga?" Nami sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimeisoma hadithi ile mara nyingi nikisifu ufundi wake, na babu yule, ambaye hata farasi hakupata kumwona, maana katika nchi yetu ya mbung'o farasi hawaishi, alikuwa ameshika kiini chake mara moja: kwamba msiba wa yule mzee si kifo tu, bali ni kukosa mtu wa kukaa naye.

Haya, sasa tuanze mwanzo.

Chekhov alizaliwa tarehe 29 Januari 1860 katika mji wa Taganrog, ulio kusini mwa Urusi katika pwani ya Bahari ya Azov. Babu yake mzaa baba alikuwa mtumwa wa ardhi. Katika Urusi ya siku zile wakulima wengi walikuwa mali ya mabwana wenye mashamba. Waliweza kuuzwa pamoja na shamba, kuchapwa, na kuozwa kwa amri. Babu huyo alikuwa mtu wa bidii na wa kubana fedha, na mwaka 1841 alijikomboa yeye na jamaa yake kwa kulipa rubli 3,500. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1861, ndipo Kaisari Aleksanda wa Pili alipoukomesha utumwa ule kwa sheria. Nasi tukumbuke kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kwamba katika Tanganyika utumwa haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo mjukuu wa mtumwa si kitu kigeni kwetu. Wako wazee waliolelewa na watu wa namna hiyo, na wanajua kwamba mtu aliyekombolewa hakombolewi siku moja: mgongo huzoea kuinama. Chekhov mwenyewe alipokuwa mtu mzima alimwandikia rafiki yake kwamba ilimlazimu kuikamua damu ya utumwa kutoka mwilini mwake tone kwa tone.

Baba yake, Pavel, alikuwa na duka la vyakula. Mtu wa kanisa, mwalimu wa kwaya, na mkali kupita kiasi. Watoto wake aliwachapa karibu kila siku, akawaamsha usiku kwenda kuimba, akawaketisha dukani katika baridi mpaka vidole vyao vikafa ganzi. Lakini biashara haikumwendea vema. Mwaka 1876 alifilisika, naye akakimbilia Moscow asije akatiwa gerezani kwa madeni. Jamaa yote ikamfuata isipokuwa Anton, aliyeachwa Taganrog peke yake kumaliza shule, naye ana umri wa miaka kumi na sita. Akaishi kwa kufundisha watoto wa wengine na kuuza vyombo vilivyobaki, na kila alichopata akapeleka sehemu kwa mama yake. Mwaka 1879 akashinda mitihani, akaenda Moscow kusomea utabibu katika Chuo Kikuu.

Hapo ndipo uandishi ulipoanza, na ulianza kwa sababu ya njaa. Baba alikuwa na mshahara mdogo, kaka wawili wakubwa walipenda ulevi, na kijana huyu wa tatu akawa ndiye baba wa nyumba. Magazeti ya vichekesho yalilipa kopeki chache kwa kila mstari, naye akayaandikia usiku baada ya masomo, visa vifupi vya kuchekesha, akijiita kwa jina la uongo, Antosha Chekhonte. Aliandika mamia ya visa vya namna hiyo. Vingi vimesahauliwa, na ni haki yake kusahauliwa. Lakini vingine bado vinauma.

Kimoja ni kile cha mwaka 1884 kiitwacho "Kinyonga". Mbwa amemuuma kidole fundi mmoja sokoni, na afisa wa polisi anafika kukata shauri. Kwanza anatoa amri mbwa auawe na mwenyewe atozwe faini. Mtu katika umati anasema huyu ni mbwa wa jenerali. Papo hapo afisa anamgeukia fundi: kimbwa kidogo kama hiki kimekufikiaje kidole? Mwingine anasema siye wa jenerali. Mbwa anakuwa mbaya tena. Hivyo mara tano au sita, huku afisa akivua koti na kulivaa, mara kwa joto mara kwa baridi. Nani kwetu asiyemjua afisa huyo? Siku za Wajerumani alikuwa akida, na baadaye alivaa nguo nyingine. Mimi nimekutana naye katika ofisi moja nisiyoitaja, nikiwa na karatasi ya kiwanja mkononi, na nilisikia kabisa koti likivuliwa na kuvaliwa.

Mwaka 1884 Chekhov alipata shahada ya utabibu, na mwaka ule ule alitema damu kwa mara ya kwanza. Alikuwa tabibu, na mtu wa kwanza asiyetaka kumpima alikuwa yeye mwenyewe. Miaka mingi aliwaambia watu kuwa si kitu, ni mshipa wa koo tu.

Mwaka 1886 aliandikiwa barua na mtunzi mzee mwenye heshima, Dmitri Grigorovich, ambaye hakujuana naye. Mzee huyo alimwambia kuwa ana kipawa cha kweli na kwamba ni dhambi kukipoteza kwa kuandika mbio mbio. Heri ashinde na njaa kuliko kuandika ovyo. Chekhov alijibu kwa unyenyekevu mkubwa. Tangu siku hiyo aliandika polepole zaidi, kwa jina lake la kweli, na mwaka 1888 Chuo cha Elimu cha Urusi kikamtunukia Zawadi ya Pushkin. Alikuwa na miaka 28.

Mtu mwingine angeketi kitako akala matunda ya sifa. Yeye mwaka 1890 akafanya jambo ambalo rafiki zake wote waliliona kuwa ni wazimu: akaondoka kwenda kisiwa cha Sakhalin, mwisho kabisa wa mashariki ya Urusi, karibu na Ujapani, ambako serikali ya Kaisari ilipeleka wafungwa wa kazi ngumu. Reli ya Siberia haikuwapo bado. Ujenzi wake ulianza mwaka 1891. Alisafiri karibu miezi mitatu, kwa gari la moshi, kwa mashua, na kwa maelfu ya maili katika magari ya farasi yasiyo na springi, akivuka mito iliyofurika, viatu vimelowa, huku akikohoa. Sisi tuliopata kusafiri kati ya Mpanda na Tabora siku za masika, gari likizama katika tope, twaweza kupima kidogo; kidogo tu.

Naomba mkumbuke pia mwaka wenyewe. Tarehe 1 Julai 1890, Chekhov akiwa bado njiani, Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano yao juu ya Zanzibar na Tanganyika, wala wenyeji wa Katavi hawakuulizwa neno.

Katika Sakhalin alikaa miezi mitatu na siku kadhaa. Hakuwa na kazi ya serikali huko, wala hakutumwa na gazeti kuandika maneno ya kupendeza. Alichofanya ni kuhesabu watu. Alichapisha kadi, akaamka alfajiri kila siku, akaingia nyumba kwa nyumba na gereza kwa gereza, akamwuliza kila mtu jina lake, umri, dini, mahali alipozaliwa, mwaka aliofika, kazi yake, kama anajua kusoma, kama ana mke au mume. Alijaza kadi zipatazo 10,000. Wako walioona kuwa ni kazi ya karani, isiyomfaa mtunzi. Mimi naona kinyume. Wafungwa wale walikuwa wamefanywa namba, na mtu aliyekuja kuuliza jina, akangoja jibu, akaliandika, alikuwa akiwarudishia kitu walichonyang'anywa. Aliona wanaume waliofungwa minyororo kwenye mikokoteni ya kuchimbia, wanawake waliowafuata waume zao kwa hiari na kisha wakajiuza ili wapate kula, na watoto waliojua kueleza adhabu za gereza kama wenzao wajuavyo nyimbo. Siku moja aliona mfungwa akipigwa viboko 90. Alishindwa kuvumilia mpaka mwisho, akatoka nje, akarudi, na usiku kadhaa baadaye alimwota mpigaji. Wazee wetu waliosikia habari za "hamsa ishirini" za Wajerumani hawahitaji kuelezwa sauti ile.

Alirudi kwa merikebu, kupitia Hong Kong, Singapore na Seilani, akakata Bahari ya Hindi ile ile ioshayo Kilwa na Bagamoyo, akaingia Bahari ya Shamu na mfereji wa Suez, akafika Odessa mwezi wa Desemba. Njiani walikufa watu, nao wakashonewa turubai na kutoswa majini. Kutokana na jambo hilo akaandika hadithi iitwayo "Gusev", ya askari mnyonge anayekufa katika safari ya kurudi nyumbani, na papa anayeifuata maiti yake chini ya maji. Kati ya hadithi zake zote, sidhani kama iko nyingine iliyo karibu na pwani yetu kuliko hiyo.

Kitabu chake juu ya Sakhalin kilitoka mwaka 1895. Hakina hasira ndani yake. Kina hesabu, bei za unga, vipimo vya vyumba, majina. Ndiyo maana kinatisha. Kitabu kimoja hakikulivunja gereza. Lilikoma tu baada ya vita ya Urusi na Ujapani ya mwaka 1904 na 1905. Lakini tangu kitoke hapana aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa. Na jambo hili lapasa kufikiriwa na sisi wa magharibi ya Tanzania, kwa kuwa nchi yetu nayo ni nchi ya watu waliohamishwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa huku katika makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa wa malale, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji kwao, na maelfu yao wakapewa makazi Katumba, si mbali na Mpanda mjini. Hesabu zao zimo katika mafaili. Lakini Chekhov wa kuingia nyumba kwa nyumba na kuwauliza walipozaliwa, huyo kwa watu wengi hakuja, na wengi wao wamekwisha kufa.

Mwaka 1892 alinunua shamba katika kijiji cha Melikhovo, kusini ya Moscow. Urusi ilikuwa imetoka katika njaa kubwa, naye alikuwa amezunguka akichanga fedha za kuwanunulia wakulima farasi ili wasikose kulima mwaka uliofuata. Kisha kikaja kipindupindu. Wakubwa wa wilaya wakamtaka awe tabibu wa eneo lile, akakubali bila mshahara, akapewa vijiji 25, viwanda vinne na nyumba moja ya watawa. Hakuwa na hospitali wala msaidizi wa kutosha. Ilimbidi aende kwa matajiri kuombaomba fedha za dawa na za vibanda vya wagonjwa. Kuanzia asubuhi wakulima walipanga foleni nje ya nyumba yake. Mtu yeyote aliyepata kuongojea zamu yake katika zahanati ya kijiji, huku dawa zimekwisha tangu Jumanne, atajua maana ya tabibu kutoka nje mwenyewe na kumwita mgonjwa kwa jina. Katika miaka hiyo alijenga pia shule tatu za watoto wa vijijini, nyingi ya gharama zikitoka mfukoni mwake, na akapeleka vitabu kwa maktaba ya mji wake wa Taganrog na kwa shule za Sakhalin.

Alikuwa akisema kwa mzaha kuwa utabibu ni mke wake wa ndoa na utunzi ni hawara. Lakini katika hadithi zake wake hao wawili hawakugombana. Alimtazama mtu kama tabibu amtazamavyo mgonjwa: hamlaumu kwa kuumwa, wala hamdanganyi kuwa ni mzima. Mwaka 1897 alipotoa hadithi iitwayo "Wakulima", watu wengi walikasirika. Wasomi wa Urusi walizoea kumsifu mkulima kuwa ni mtu safi, mwenye hekima ya asili. Chekhov akaonyesha kibanda chenye inzi, mume anayempiga mkewe akilewa, wazee wanaonyimwa chakula, na aila inayochukuliwa birika la chai kwa deni la kodi. Aliandika hivyo kwa sababu aliwatibu. Kwetu nako tulikuwa na kipindi cha kusifu kijiji, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambapo katika vitabu vingi kila mwanakijiji alitabasamu na jembe begani. Euphrase Kezilahabi alipotoa "Gamba la Nyoka" mwaka 1979 alionyesha vijiji vya ujamaa pamoja na nguvu iliyotumika na uongo uliosemwa. Sisemi kwamba alimfuata Chekhov. Nasema kwamba ukweli juu ya kijiji huwakera watu wa mjini wa nchi zote kwa namna moja.

Sasa michezo yake. Mkubwa wa kwanza, "Shakwe", ulichezwa St Petersburg mwezi wa Oktoba 1896, ukaanguka vibaya. Watazamaji walikuja kwa ajili ya mchezaji mmoja wa vichekesho aliyesherehekewa usiku ule. Walitaka kucheka, wakacheka mahali pasipofaa. Chekhov alitoka kabla ya mwisho, akatembea peke yake mjini usiku, akaapa hataandika tena mchezo. Lakini mwezi wa Desemba 1898 kundi jipya la Moscow, chini ya Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko, liliucheza mchezo ule ule. Sehemu ya kwanza ilipokwisha pakawa kimya kirefu hata wachezaji wakadhani wameshindwa. Kisha makofi yakalipuka. Ndege shakwe ndiye alama ya jumba lile tangu siku hizo. Yakafuata "Mjomba Vanya" mwaka 1899, "Dada Watatu" mwaka 1901 na "Bustani ya Micheri" mwaka 1904.

Ni nini kilichokuwa kipya? Katika michezo ya zamani mambo makubwa hutendeka mbele ya macho: mapanga, sumu, maungamo. Katika michezo ya Chekhov watu wanakunywa chai, wanacheza karata, wanalalamikia joto, na wakati huo huo maisha yao yanaharibika nyuma ya pazia. Bastola hulia chumba cha pili. Katika "Bustani ya Micheri" aila ya mabwana wa zamani ina deni kubwa, na bustani yao itapigwa mnada. Mfanyabiashara Lopakhin anawaonyesha njia ya kujiokoa. Hawamsikii, wanaongea habari za utoto wao. Siku ya mnada ananunua yeye Lopakhin, ambaye baba yake na babu yake walikuwa watumwa wa shamba lile lile na hawakuruhusiwa hata kuingia jikoni. Mchezo unamalizika kwa sauti ya mashoka yakikata miti, na mtumishi mzee sana, Firs, amesahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli.

Chekhov alisisitiza kuwa huu ni mchezo wa kuchekesha. Stanislavski akaufanya wa kulia, nao wakagombana kwa barua. Mimi nadhani wote wawili walikuwa na haki, ila mjukuu wa mtumwa alikuwa nayo zaidi. Kwake yeye kuuzwa kwa bustani ile hakukuwa mwisho wa dunia. Ilikuwa hesabu ya zamani imelipwa, na aliyelipa amesimama katikati ya ukumbi hajui afurahi vipi.

Alikuwa amebakiwa na muda mfupi. Mwaka 1897 damu ilimtoka mapafuni kwa wingi akiwa mezani katika mkahawa wa Moscow, na kifua kikuu hakikuweza kufichwa tena. Alihamia Yalta penye hali ya joto. Mwaka 1901 alimwoa Olga Knipper, mchezaji wa jumba lile la Moscow, na kwa kuwa kazi ya mke ilikuwa Moscow na afya ya mume ilikuwa Yalta, ndoa yao iliishi zaidi katika barua. Mwaka 1902 aliurudisha uanachama wake wa heshima katika Chuo cha Elimu, kwa sababu chuo kilikuwa kimemchagua Maksim Gorky na kisha kumfuta kwa ajili ya Kaisari kuchukizwa. Alifariki Badenweiler, Ujerumani, tarehe 15 Julai 1904, umri wake miaka 44.

Maiti yake ilirudishwa Moscow katika behewa la kupozea lililoandikwa kuwa ni la kubebea chaza. Kituoni baadhi ya waombolezaji waliona jeneza likipita na bendi ya askari, wakalifuata, wakishangaa kwa nini mtunzi anazikwa kijeshi. Kumbe lilikuwa jeneza la jenerali aliyeletwa kutoka Manchuria. Waliomfahamu walisema angalikuwa hai angaliandika kisa juu ya jambo hilo.

Hadithi zake zilienea Uingereza hasa kwa tafsiri za bibi Constance Garnett, zilizotoka katika vitabu 13 tangu mwaka 1916 hata 1922. Katherine Mansfield alijifunza kwake. George Bernard Shaw aliandika mchezo mzima akikiri kuwa ni kwa namna ya Kirusi. Lu Xun alimfasiri kwa Kichina. Na Alice Munro wa Kanada, aliyepewa Zawadi ya Nobel mwaka 2013, mara nyingi aliitwa Chekhov wa nchi yake. Katika lugha yetu mlango mmoja wa michezo ya ng'ambo ulikuwa Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri mwaka 1963 na 1969. Mlango wa Kirusi ulifunguliwa na Christon Mwakasaka mwaka 1979 alipotoa "Mkaguzi Mkuu wa Serikali" wa Nikolai Gogol, mchezo wa mji mzima unaomhonga tapeli kwa kudhani ni mkaguzi. Ebrahim Hussein, mkubwa wa watunzi wetu wa michezo, alisomea Berlin, na wachambuzi wengi huona katika "Kinjeketile" ya mwaka 1969 mkono wa Brecht kuliko wa Warusi. Hayo hayanishangazi. Taifa changa lina mambo ya kutangaza kwa sauti kuu, na Chekhov ni mtu wa kusema polepole.

Nimalizie kwa kurudi Mwamkulu. Usiku wa tatu wa matanga wale wazee walinitaka tena kisa cha yule Mrusi, na safari hii wanawake nao walisogea. Nikasimulia "Vanka", ya mtoto yatima wa miaka tisa aliyepelekwa Moscow kujifunza kazi kwa fundi viatu. Anapigwa, ana njaa, na usiku wa kuamkia Krismasi anamwandikia babu yake barua kwa siri, akimsihi aje amchukue. Juu ya bahasha anaandika tu kuwa barua iende kijijini, kwa babu, na jina la babu. Jina la kijiji halimo. Anaitumbukiza katika sanduku la posta, anarudi kulala, anaota babu yake ameketi juu ya jiko akiisoma barua ile.

Wengine walicheka kwa ajili ya ile bahasha. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele hakucheka. Akauliza, "Basi haikufika?" Nikamwambia mtunzi hakusema. Akaweka ungo chini, akafungua pindo la khanga yake, akatoa simu, akaniomba nimtafutie humo namba ya mwanawe aliyeko machimboni Chunya.